Kigoda cha Miguu Mitatu na Uta Mkavu

Zamani mtu wa Kasungami alitoka nyumbani na uta wake akaingia porini kabla jasho halijamtoka. Leo anatoka na uta huohuo, na kabla jasho halijamtoka ameshagonga ukuta wa mtu.

Mukuka alikuwa jirani yangu. Wazee wake waliwinda upande wa Kinsevere, pale ambapo leo wanachimba shaba. Alikulia huko, akahama, akahama tena, na kila alipohamia mji ulimfuata kama mbwa aliyezoea kulishwa. Nilipomfahamu alikuwa analima mahindi na viazi vitamu nyuma ya nyumba, na msimu ukifika anawinda kwa uta. Bunduki aliidharau. Mitego ya waya aliichukia kabisa. Alisema mnyama aliyenaswa hakushindwa na mtu, ameshindwa na waya, na mwenye kumla anakula deni. Vijana walimcheka. Wao hununua nyama imeshakaushwa, wala hawajui ilikuwa na miguu mingapi.

Mwindaji wa uta, kwa desturi ya watu wa Mukuka, hamfukuzi mnyama. Anakwenda kukaa chini karibu na mti wa msuku wakati matunda yake yanaanguka, nyuma ya kichaka kidogo au ndani ya majani marefu, na anangoja nsya, yule swala mdogo wa vichakani, aje mwenyewe kula. Anangoja mpaka mnyama awe karibu kiasi cha kusikia meno yake. Kwa hiyo kazi yote iko katika kukaa. Mwenye mkono wenye nguvu lakini asiyejua kukaa atarudi nyumbani na mikono mitupu mpaka azeeke.

Na kukaa ndiko kulikomshinda Mukuka. Siku moja alikuwa anateremka na baiskeli yenye magunia ya makaa, baiskeli ikamlalia, na nyonga yake ya kushoto haikupona tena. Hakuweza kuchuchumaa. Kigoda alichorithi kilikuwa gogo la mti wa mlombwa lenye mguu mmoja tu. Wazee walikichonga hivyo kwa makusudi, ili mwindaji akisinzia aanguke. Kwa kijana kigoda kile kilikuwa mwalimu mzuri. Kwa mtu mwenye nyonga mbovu kilikuwa adhabu.

Sasa lazima nieleze habari ya uta, maana bila hiyo mtu atafikiri mzee alikuwa anatamani nyama tu. Katika ukoo wa Mukuka uta hauendi kwa mtoto wa mtu. Unakwenda kwa mtoto wa dada yake. Anayepokea uta anapokea na nafasi ya mjomba. Ndiye atakayekaa mbele kwenye matanga na kwenye mazungumzo ya mahari, na jina la mjomba linabaki kwake. Lakini uta hautolewi ukiwa mkavu. Mwenye uta lazima awe ameua nao katika msimu uleule, damu iguse mti wake, ndipo auweke mikononi mwa mpwa. Akifa ukiwa mkavu, unavunjwa na kuzikwa naye, na nafasi yake inabaki tupu. Hakuna wa kuikalia tena.

Mukuka alikuwa na mpwa mmoja, Aaron, mtoto wa dada yake marehemu. Uta ulikuwa umekaa mkavu tangu siku ya ile baiskeli. Aliutazama ukutani asubuhi, akautazama jioni. Hakuweza kuutumia, hakuweza kuutoa. Mkewe Honorine, aliyeuza mboga za lengalenga mbele ya mlango, aliniambia mara moja huku akifunga mafungu yake, "Ule uta iko sawa na mugeni mwenye kukatala kurudia kwabo."

Ndipo mzee akaanza kutafuta kiti.

Nilicheka mwanzoni, na Honorine alicheka zaidi yangu. Alianza na kiti cheupe cha plastiki, akakikata miguu kwa msumeno ili kiwe kifupi. Kilikuwa chepesi kubeba, lakini ndani ya majani kiling'aa kama meno, na asubuhi ya baridi kilipasuka chini yake kwa sauti iliyofukuza hata ndege. Kisha akaazima kiti cha chuma cha kukunja, vile vinavyokodishwa kwa matanga. Hicho kililia kila alipopumua, na kilikuwa kirefu mno, kichwa cha mzee kikatokeza juu ya majani kama kichwa cha mtu anayesubiri basi. Kisha akakalia bidoni, dumu tupu la mafuta ya kupikia. Bidoni iliposhika joto la jua ilipiga ngoma peke yake, bila mtu kuigusa. Honorine akamshauri achukue na mpiga zumari, maana ngoma ameshaipata.

Alijaribu hata kukaa chini kabisa juu ya gunia lililojazwa majani makavu. Nyonga ilikubali, lakini uta ulikataa: ncha ya chini iligonga udongo kila alipovuta upote, kamba yake. Nilianza kuelewa kwamba jambo lile halikuwa la mchezo. Kiti kilitakiwa kiwe kirefu kiasi cha uta kupita na kifupi kiasi cha mtu kufichika. Kilitakiwa kimruhusu kugeuka bila kusogeza miguu, kisilie, kisizame, kibebeke begani na mtu anayechechemea. Juu ya yote kilitakiwa kisimuumize mwenye kukikalia, kwa sababu mwenye kuumia hatulii, na asiyetulia haoni kitu.

Nikampeleka kwa Abibu. Abibu ni mtu wetu, watu wake walitoka Maniema kama wangu, na amekaa Kamalondo miaka yote akishona ngozi: mikoba, mikanda, viti vya baiskeli. Zamani barabara ile ilikuwa na mafundi wa ngozi wengi, na harufu ya gundi yao ilikupokea ukiwa bado mbali. Sasa amebaki yeye, katikati ya maduka ya simu. Mukuka alimweleza kila kitu, kiti baada ya kiti, na Abibu aliendelea kushona bila kuinua kichwa.

"Muzee, unatafuta kiti ao bibi-arusi?" akauliza mwishowe.

"Bibi-arusi anaongeaka," Mukuka akajibu. "Mie natafuta yenye kunyamaza."

Abibu akaweka sindano chini. Alimkalisha juu ya kasha, akaweka ubao, akatoa ubao, akaweka kitabu changu nilichokuja nacho, mpaka magoti ya mzee yakawa sawa na alivyotaka. Akamwambia avute uta. Wateja walioingia kutafuta mikanda walimkuta mzee amelenga mlango, wakatoka kinyumenyume. Abibu akapima kwa uzi kutoka ncha ya uta mpaka sakafuni. Kisha akauliza, "Chini kuko matope ao kuko mawe?"

Mukuka alishusha uta. Kwa watu wake mwindaji haulizwi anakwenda wapi. Ukimwuliza, umemfungia njia, na siku hiyo afadhali alale. Mke haulizi, mpwa haulizi, na mwindaji mwenyewe hasemi. Swali la Abibu lilisimama mlangoni mwa swali hilo, lakini halikuingia.

"Matope," mzee akasema. "Matope ya matete."

Abibu akarudi kwenye sindano yake. Tuliporudi kwake kazi ilikuwa tayari. Vilikuwa vijiti vitatu vya mti mgumu, vimefungwa pamoja katikati, vinafunguka kama vidole, na juu yake ngozi ya ng'ombe ya pembe tatu. Chini ya kila mguu alikuwa ameshonea duara la mpira wa gurudumu ili matope yasimeze. Ulikuwapo na mkanda wa kukivaa begani. Mzee alikaa. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, miguu ikiwa palepale. Hakuna kilicholia. Alifumba macho, na nikaona uso wake ukiachia kitu ulichokuwa umekibana tangu siku ya baiskeli.

"Hii itanilalisha," alisema kwa wasiwasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa lawama yake pekee.

Alikitundika nje siku nyingi, kwenye mvua na kwenye moshi wa majani, mpaka harufu ya fundi ikatoka. Kisha akaanza kutoka nacho alfajiri. Honorine alimfungia viazi vitamu vilivyochemshwa na hakumwuliza kitu. Alirudi jua likiwa kali, mikono mitupu, lakini anatembea vizuri. Alinieleza kwamba nsya yuko. Anakuja na kwenda kwa njia moja, anakula masuku, bado hajasimama mahali pazuri. Alisema vile kama mtu anayezungumza habari za posa.

Mwaka huohuo kampuni moja, jina lake sitalitaja, ilipata eneo kubwa nyuma ya Kasungami, ikaanza kulizungushia waya. Hakuna aliyejua watafanya nini ndani. Siku hizi watu huzungusha waya kwanza, sababu huja baadaye. Nguzo zilisimama upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Aaron alipata kazi huko, kuvuta waya na kuukaza kwa koleo, na tulifurahi naye, kwa sababu alikuwa na watoto shuleni na kazi ilikuwa imemkimbia muda mrefu. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba anafunga waya. Mukuka hakumwuliza wapi. Waya unafungwa kila mahali. Aaron naye, alipokutana na mjomba wake alfajiri, kigoda begani na uta mkononi, alipita pembeni ya njia na kuinamisha kichwa, kama mpwa mwema anavyofunzwa. Hivyo ndivyo watu wawili waliopendana walivyotoka nyumba zinazoangaliana wakaenda mahali pamoja, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kunyamaza.

Baadaye mzee aliniambia kwamba nguzo aliziona. Pande tatu zilikuwa zimezibwa, lakini upande wa nne ulikuwa wa bonde la matete na maji, na yeye aliamini maji hayafungwi. Njia ya nsya ilipita huko. Alikaa akiutegemea upande huo.

Siku yenyewe Honorine alikuja kwangu jua likiwa limeshapita juu ya vichwa. Mumewe hakuwa amerudi. Alisimama mlangoni akizungusha kitambaa mikononi. Hakusema niende kumtafuta, kwa maana kumtafuta ni kuuliza. Alisema tu kwamba viazi alivyomfungia vilikuwa vidogo. Abibu alikuwa kwangu siku ile, amekuja kula samaki niliowapokea kutoka Pweto, ziwani, maana biashara yangu ni samaki. Alinawa mikono akaniambia, "Baba Rehema, matope ya matete kuko wapi huku?"

Sehemu ya namna hiyo imebaki moja tu. Tukaenda.

Tulisikia kicheko kabla hatujafika. Wafungaji wa waya walikuwa wamesimama kwenye bonde, ndani ya maji hadi magotini, wote wanaangalia upande mmoja. Waya ulikuwa umeshakazwa kutoka nguzo hadi nguzo, mpya, unang'aa, maji yanapita chini yake lakini hakuna kingine kinachopita. Walikuwa wameanza ncha mbili asubuhi wakakutana katikati. Na ndani, karibu kiasi cha kurushiana tunda, Mukuka alikuwa amekaa juu ya kigoda cha Abibu ndani ya matete, uta mapajani, mshale kwenye upote. Masikio yake yalikuwa yamepungua. Tena kelele za mitambo zilikuwa za kila siku. Alikuwa ametulia vizuri mno. Walikuwa wamemfungia bila kumwona, na yeye hakuwasikia.

Nsya alikuwa ndani pamoja naye. Alikimbia kando ya waya, akafika kwenye pembe, akaugonga kwa kipaji, akarudi. Alipita mbele ya mzee, akageuka, akapita tena. Alikuwa na damu puani. Msimu mzima mzee alikuwa hajampata karibu hivyo.

Aaron alikuwa upande wetu wa waya, koleo mkononi, kofia ya plastiki kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Msimamizi wao, mtu mmoja aitwaye Lucien, alikuwa anacheka na wengine, akasema mzee apige upesi, leo watu watakula bukari, ule ugali wa kila siku, na kitu cha maana. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita mzee "papa", yaani baba, na aliposikia ni mjomba wa Aaron alivua kofia.

"Mujomba," Aaron akasema, sauti yake ndogo. "Piga. Iko karibu. Piga, tumalize hii maneno ya uta."

Mukuka alimtazama. Halafu akamtazama nsya aliyekuwa anapita tena.

"Hii haiko nyama ya porini, Aaron. Hii ni mufungwa."

"Ni ileile yenye ulikuwa unangoja."

"Jana ilikuwa ileile. Leo haina njia." Aliinua kidevu kidogo kuelekea mkono wa mpwa wake. "Uko na koleo. Kata waya, ipate njia. Ikishapata njia, nitapiga. Nikikosa, nimekosa."

Watu waliacha kucheka. Lucien alisogea karibu na Aaron, akazungumza polepole, karibu kwa huruma, kwa sababu yeye naye alikuwa na mkubwa juu yake. "Ukikata ule waya, kesho hapana kurudia hapa."

Nilimwona Aaron akiinua koleo. Nilimwona akiweka waya katikati ya meno ya koleo. Mzee alikuwa ameshainua uta, mkono wake hautetemeki, kigoda hakitikisiki, na nsya alikuwa anakuja upande ule ambapo tundu lingefunguka. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Abibu alinishika mkono wa shati. Tulingoja mkono wa Aaron ukaze.

Haukukaza. Aliutoa waya kwenye meno ya koleo taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akaweka koleo mfukoni.

Basi wafanyakazi waliingia kwa lango la upande wa pili, na vyuma vyao, wakaenda kumbana nsya kwenye pembe. Mukuka aliutoa mshale kwenye upote akaurudisha podoni. Hakuinuka. Aligeuka tu juu ya kigoda, miguu ikiwa palepale matopeni, mpaka mgongo wake ukawa upande wa pembe ile. Ngozi haikulia. Kazi ya Abibu ilikuwa nzuri kweli. Alibaki hivyo, akitazama matete, mpaka wakamaliza.

Jioni Aaron alileta paja nyumbani kwa mjomba. Honorine ndiye aliyenisimulia. Aaron aliliweka juu ya sinia, akapiga magoti, akasema mjomba apake damu kidogo kwenye uta, nani atajua. Mzee hakumgombeza. Alimwambia Honorine apikie watoto wa Aaron ile nyama, maana watoto hawakufunga waya wowote. Yeye alikula bukari na lengalenga. Uta aliurudisha ukutani, na Honorine akasema kwamba usiku ule nyumba ilionekana ndogo, kama kwamba na yenyewe walikuwa wameizungushia kitu.

Aaron aliendelea na kazi. Sitamhukumu, waliomhukumu hawakulisha watoto wake. Lakini alipokutana na mjomba wake njiani aliendelea kupita pembeni na kuinamisha kichwa, na sasa hakuna aliyeweza kusema kama ilikuwa heshima au aibu. Mzee alikaa mlangoni juu ya kigoda chake kizuri, anaangalia ukuta wa jirani mpya, ulioinuka tofali kwa tofali mpaka ukala mti wa mwisho uliokuwa unaonekana. Nilimletea magazeti yangu ya zamani, yale ninayoyatoa kwenye samaki na kuyasoma. Aliyapokea kwa adabu, akayakunja, akayaweka chini ya nyonga.

Masuku yalikuwa karibu kwisha nilipowaona kwa mara ya mwisho. Nilikuwa kwenye kituo cha malori ya Pweto, nangoja mizigo yangu. Lori moja lilikuwa linapakia kurudi huko, na juu yake, katikati ya magunia matupu, walikaa Mukuka na Honorine. Honorine alikuwa amewaambia majirani wanakwenda kumsalimia binti yao Huguette, aliyeolewa na mvuvi. Labda ilikuwa kweli. Mzee alikalia kigoda cha Abibu. Kando yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge, na kitenge hakikuweza kuuficha mkunjo wake.

Aaron alikuja mbio kutoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope, kofia ya plastiki mkononi. Alimpandishia Honorine mkate na chupa ya maji. Kisha akasimama chini ya lori, akiutazama ule mzigo wa kitenge, na midomo yake ikafunguka. Niliogopa atamfungia njia. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Mtu yeyote mwingine angeliuliza.

"Kigoda iko muzuri, Mujomba?" alisema.

"Iko muzuri. Hainiumize."

Dereva akawasha. Aaron alirudi nyuma, akapita pembeni ya njia, akainamisha kichwa, na lori likatoka na wale wawili. Hakumwuliza anakwenda wapi.